Shule inaficha, mzazi anaficha, ugonjwa unatembea

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu uliikumba Dar es Salaam wiki zilezile shule zilipokuwa zinafunguliwa. Wizara ya Afya ikatoa tangazo: ugonjwa unaletwa na virusi, nawa mikono kwa sabuni, usichangie taulo, usijitibu kwa dawa za kubahatisha, mwenye dalili afike kituo cha afya. Mombasa nako hali ikawa hiyohiyo. Tangazo lilikuwa zuri, lakini halikujibu swali lililokuwa linasumbua majumbani saa kumi na mbili asubuhi: mtoto kaamka macho yamevimba, tongotongo limegandisha kope, leo anakwenda shule au haendi? Na akienda, mwalimu ampokee au amrudishe?

Swali hilo hurudi kila mwaka kwa jina jingine. Leo tetekuwanga, kesho matubwitubwi, mwezi ujao kuhara. Na kila mara wazazi na walimu huanza kulaumiana upya, kila upande ukiwa na hoja ambayo ukiisikiliza peke yake unaona imemaliza maneno.

Wanaosema mtoto mgonjwa abaki nyumbani wanaanzia darasani, na wana haki ya kuanzia hapo. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi Tanzania ni watoto 45 kwa darasa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, maeneo kama Mbagala, Dar es Salaam, yamekuwa na madarasa yanayovuka watoto 100, na shule nyingine zinaendeshwa kwa mikondo miwili, wa asubuhi wakitoka wanaingia wa mchana kwenye madawati yaleyale. Dawati la wawili wanabanana wanne. Kifutio kimoja kinazunguka safu nzima. Kikombe cha uji kinasuuzwa haraka kwenye ndoo na kupewa anayefuata. Katika mazingira hayo, mtoto mmoja mwenye macho mekundu ni ugonjwa wa safu nzima ifikapo Ijumaa. Surua ndiyo usiseme: virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Tena tunamsahau mwalimu mwenyewe. Anasahihisha madaftari mia moja yaliyoshikwa na mikono mia moja, kisha jioni anarudi nyumbani kwake ambako pengine kuna kichanga ambaye hajafikisha miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela. Pengine mwalimu ni mjamzito, na rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito inaweza kumharibu mtoto tumboni, macho, masikio na moyo. Mwalimu anayemrudisha mtoto getini anajilinda, analinda wa kwake, na analinda wa watu. Sioni ukatili hapo.

Sasa njoo upande wa pili. Niliwahi kusikia getini mazungumzo ambayo nadhani walimu wengi wa zamu wanayajua kwa moyo.

"Mama, rudi naye huyu. Macho yake hayajakaa vizuri."

"Ni vumbi tu mwalimu. Jana walishinda wanachezea mchanga."

"Vumbi gani la macho yote mawili?"

Mama akanyamaza kidogo, beseni la maandazi likiwa bado kichwani. "Mwalimu, nikirudi naye, leo hatuli."

Yule mama hakuwa mkaidi wala mjinga. Akikaa nyumbani siku tano, wateja wake wanahamia kwa mwingine na mtaji wa unga unaliwa. Bibi yuko kijijini. Jirani ana watoto wake wanne. Na hiyo "nyumbani" tunayoitaja kana kwamba ni chumba cha kutengwa, kwa wengi ni chumba kimoja katika nyumba ya kupanga, choo cha kuchangia, bomba moja uani, na watoto kumi wa wapangaji wanaocheza pamoja kuanzia asubuhi. Mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni anaingia moja kwa moja kwenye kundi hilo. Maambukizi yametolewa darasani yakapelekwa uani, na mtoto amekosa uji na somo. Katika darasa la watoto mia hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kurudia sehemu kwa ajili ya mmoja aliyekosekana wiki nzima.

Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyoipa. Hata Uingereza, huduma yao ya afya huwaambia wazazi kwamba mtoto mwenye macho mekundu si lazima azuiwe kwenda shule, ila awe mgonjwa kiasi cha kutoweza kusoma. Wapo wanaolishika hilo na kusema basi tuache kuhangaika. Mimi siendi nao mpaka mwisho. Ushauri ule unadhani kuna darasa la watoto thelathini hivi, bomba linalotoa maji, na sabuni. Ukiuchukua bila vitu hivyo unabeba nusu tu ya ushauri.

Hata hivyo unatufundisha jambo ambalo shule zetu nyingi hazilifanyi: kutofautisha. Kwetu "mgonjwa" ni neno moja kwa kila kitu, na getini hukumu inategemea zamu ya nani. Kumbe magonjwa haya hayana tabia moja. Macho mekundu ya virusi huambukiza maadamu jicho bado linachuruzika, na hilo linaweza kwenda wiki moja mpaka mbili. Tetekuwanga huambukiza mpaka vipele vyote vikauke, aghalabu siku 5 au zaidi kidogo. Matubwitubwi, siku 5 tangu mashavu yaanze kuvimba. Aliyehara na kutapika asubiri saa 48 tangu mara ya mwisho. Lakini mtoto mwenye mapunye au upele wa kuwasha unaoletwa na utitiri, ambaye ndiye anayefukuzwa kwa dharau kuliko wote, akishaanza dawa hana sababu ya kukosa masomo. Nimeona watoto wa mapunye wakiketishwa nje ya darasa siku nzima huku mwenye homa na kikohozi akiwa dawati la mbele kwa kuwa yeye haonekani vibaya.

Kuna jambo jingine ndani ya tarehe hizo. Surua huanza kuambukiza siku 4 kabla upele haujatokea. Tetekuwanga, siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Maana yake mwalimu anapomgundua mtoto getini, ameshachelewa: wiki iliyopita mtoto huyo alikaa darasani, akacheka, akakohoa. Kumrudisha kunasaidia, lakini kinachookoa zaidi ni habari. Wazazi wengine wa darasa hilo wakijulishwa siku hiyohiyo, watatoa kadi za kliniki waangalie kama mtoto alipata chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Mwalimu mjamzito atakwenda kuuliza kituo cha afya. Mwenye mtoto wa saratani au mwenye kinga dhaifu atamzuia wake mapema.

Na habari ndiyo kitu ambacho kila upande unaificha. Kwa maoni yangu, uzito wote wa suala hili uko hapa, kuliko kwenye ubishi wa abaki au asibaki.

Mzazi anaficha kwa sababu ukweli unamgharimu. Njia inajulikana: parasetamo saa kumi na mbili asubuhi, homa inashuka, mtoto anapita getini akiwa mchangamfu. Dawa ile hufanya kazi saa nne hadi sita. Ikifika saa tano mtoto analala juu ya dawati, moto umempanda, na simu ya mama haipatikani. Mtoto naye anajifunza kuficha, kwa kuwa kesho kuna jaribio, na mwisho wa mwaka kuna zawadi ya aliyehudhuria bila kukosa hata siku moja. Zawadi hiyo inatolewa kwa nia njema na inapigiwa makofi, lakini kwa kweli tunamtuza mtoto kwa kuja shule na homa.

Shule nayo inaficha. Ya binafsi inaogopa wazazi watahamisha watoto kabla ada ya muhula wa pili haijaingia. Ya serikali, mkuu anaogopa kuulizwa na wa juu yake kwa nini vyoo viko vile. Kwa hiyo watoto ishirini wanakosekana darasa la tatu, tangazo halitoki, na kwenye kundi la wazazi la WhatsApp inaanza kuzunguka sauti ya mtu asiyejulikana akisema kuna ugonjwa mpya usio na dawa. Hofu inayofuata ni kubwa kuliko ambayo ukweli ungeileta.

Ukitangaza amri ya "mgonjwa asije" bila kuondoa adhabu hizi, unaongeza wafichaji. Mwenye uwezo atatii kwa sababu hana anachopoteza. Yule wa maandazi atatafuta parasetamo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai shule zifungwe kila mlipuko unapotokea. Kwa hili tuna kumbukumbu za karibu. Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, wa kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29. Kenya, madarasa mengi yalikaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Uganda ikapitiliza: ilifunga Machi 2020 na kufungua kikamilifu Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, wanafunzi takriban milioni 15 wakiguswa. Wengi hawakurudi tena. Wasichana walipata mimba, wavulana waliingia kwenye vibarua, shule binafsi nyingine ziligeuka kuwa baa na nyumba za wageni. Anayetamka "fungeni shule" kwa wepesi ayakumbuke hayo.

Lakini Uganda hiyohiyo, Novemba 2022, ilitangaza kufunga muhula wiki mbili mapema kwa sababu ya ebola, baada ya wanafunzi kuambukizwa na baadhi kufariki. Zambia ilisogeza ufunguzi wa shule wa Januari 2024 mpaka Februari 12 kwa sababu ya kipindupindu. Hapo siwezi kubisha. Ugonjwa unaoua kwa siku chache, katika shule zisizo na maji salama, hausubiri kikao cha kamati. Kipimo changu ni kwamba shule ifungwe pale ugonjwa unapoua na shule yenyewe haiwezi kuwekwa salama kwa haraka, na siku ya kufungua itajwe mapema. Macho mekundu hayakufika kipimo hicho, na ilikuwa sahihi kwamba shule za Dar hazikufungwa.

Kinachobaki ni maji. Walimu wakisikia hivyo hushusha pumzi, kwa sababu ndoo za maji tiririka za mwaka 2020 zilikwisha kupotea, koki zilivunjika, nyingine zinapikiwa uji. Hata hivyo kuna funzo la Kongwa, Dodoma, mahali ambapo ukame haufanyiwi mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulifuatilia vijiji ambako, pamoja na dawa ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza na unaoweza kupofusha, watu walihamasishwa kuwanawisha watoto nyuso. Watoto waliodumu na nyuso safi walipatwa na trakoma kali kwa uchache kuliko wenzao. Uso wa mtoto hauhitaji ndoo, kikombe kinatosha. Shule isiyo na bomba ina haki ya kudai bomba, lakini haina sababu ya kungoja bomba ndipo iweke madumu mawili na kipande cha sabuni kwenye mlango wa choo, na mwanafunzi wa zamu wa kuyasimamia.

Baada ya maji, nafuu ya mzazi. Daftari la mahudhurio limtenganishe mgonjwa na mtoro, na hesabu ya zawadi isimguse aliyeumwa. Jaribio lililompita alifanye akirudi. Kazi ya darasa itumwe kwa ujumbe wa simu au kwa mtoto wa jirani. Kwa yule ambaye kwao hakuna mtu, shule iwe na benchi la pembeni karibu na dirisha, kikombe chake, maji yake, mpaka mzazi amalize biashara ya asubuhi. Daktari atasema hiyo si karantini kamili, na atakuwa sahihi. Lakini ukilinganisha na mtoto mwenye homa iliyofichwa katikati ya safu, benchi ni hatua kubwa, na mama ataweza kusema ukweli getini bila kupoteza riziki ya siku.

Na shule ziache kudai cheti cha daktari kwa kila mtoto anayerudi. Cheti hicho ni nauli na foleni ya nusu siku, pengine na malipo, ili mganga aandike kile ambacho mwalimu wa darasa angeweza kukiona mwenyewe: magamba ya tetekuwanga yamekauka, jicho limeacha kuchuruzika, mtoto ameshinda siku mbili bila kuhara. Karatasi idaiwe kwa surua, kipindupindu na kifua kikuu, ambako macho ya mwalimu hayatoshi.