Kulala nje ni raha, mradi uwe na kwako

Jumapili iliyopita tulikuwa tunashuka kutoka Lovell Canyon, korongo la milimani karibu na Las Vegas, Nevada, vumbi hadi masikioni, watoto wamelala viti vya nyuma midomo wazi. Sijafika hata taa ya kwanza ya barabara ya Blue Diamond, simu ikalia. Picha kwenye kundi letu la kupiga kambi. Vani nyeupe ya zamani, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, turubai la buluu limevutwa kutoka paani hadi kwenye tawi la msonobari, na mbele yake mzee amekalia ndoo iliyofudikizwa. Chini ya picha mwenzetu mmoja kaandika: "Jamani, mahomlesi wametuvamia hadi huku. Nani ana namba ya askari wa msitu?"

Mahomlesi, yaani watu wasio na makao. Vikafuata vidole gumba kumi na kimoja. Nilivihesabu.

Wiki nzima jambo hili limenikaa kooni, na kwa kuwa kwenye kundi mtu akiandika zaidi ya mistari mitatu anaambiwa anahutubia, acha nihutubie hapa.

Waliokuwapo wanajua safari ilivyokuwa. Magari sita, watu wazima na watoto tukakaribia thelathini. Tuliacha barabara ya 160 baada ya Mountain Springs, tukapanda na korongo, tukaegesha kando ya barabara palipokuwa wazi, tukasimika mahema, tukalala. Hatukulipa senti. Hatukuomba ruhusa kwa mtu. Asubuhi tukanywa chai tunatazama miamba inavyogeuka rangi, mtu mmoja akasema huu ndio uhuru wenyewe, na sote tukaitikia. Mzee alikuwa mita mia mbili kutoka kwetu. Naye ameegesha kando ya barabara palipokuwa wazi. Naye hakulipa senti wala kuomba ruhusa. Alikuwa na redio ndogo ambayo haikutufikia. Sisi tulikuwa na spika ambayo nina hakika ilimfikia, tena mpaka saa saba usiku.

Sasa nani kamvamia nani?

Nilikwenda kumsalimia Jumamosi jioni. Nilimpelekea chapati mbili na mchuzi, maana mzee wa watu unamwonaje peke yake halafu ukaendelea kula. Akanionyesha daftari. Kila siku anachora mstari mmoja kwa penseli. Ikifika mistari kumi na minne anawasha gari na kuhama, kwa sababu kwenye ardhi ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, kanuni ni siku 14 ndani ya siku 28. Mwenyewe hajishughulishi kutenganisha wapi ni BLM na wapi ni Msitu wa Taifa. Popote alipo anahesabu kumi na nne. Ndani ya kundi letu lote, pamoja na mwenye kuuliza namba ya askari, nani aliyekuwa anaijua hiyo kanuni? Tulikuwa tunajua mahali pa bure kwa sababu mtu aliona video.

Nina sababu yangu ya kuchukia ile picha, na wengi wenu hamuijui.

Machi 2020 gavana alipofunga makasino, mimi nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja hapa mjini. Tukaambiwa siku thelathini, na wenye kumbukumbu wanajua makasino yalifunguliwa Juni 4. Nilikuwa nimepanga nusu ya sebule kwa jamaa mmoja, pazia katikati. Jamaa alitaka hela yake na mimi sikuwa nayo. Simlaumu, naye alikuwa na mwenye nyumba wake. Nikahamia kwenye Corolla. Nyumbani nilikuwa napiga simu kila Ijumaa nasema mambo mazuri, mama, tunapumzishwa kidogo tu.

Usiku wa tatu, nimeegesha nyuma ya duka moja, askari aligonga kioo kwa tochi. Hakunitukana, hakunigusa. Aliniambia, "Huwezi kulala hapa." Nikamuuliza nilale wapi. Akasema, "Si hapa." Ndiyo mazungumzo yote. Nikaendesha, nikaegesha kwingine, nikagongewa tena siku mbili baadaye. Mtu usipolala siku tano unaanza kuzungumza na usukani.

Mfanyakazi mwenzangu, Mfilipino, ndiye aliyeniambia panda mlimani, kule hakuna anayegonga. Nikajaza mafuta ya mwisho, nikapanda na 160. Baridi ya kule usiku mnaijua, hata mji ukiwa unaungua. Nililala na soksi mikononi. Asubuhi nikasikia mtu anagonga kioo, moyo ukanidondoka. Kumbe ni mama mmoja wa makamo, katoka kwenye gari-nyumba refu kama basi la mkoani, kashika kikombe cha kahawa. "Kijana, unasafiri peke yako? Una moyo!" Mumewe akaja, akataka kujua nimetoka wapi na nakwenda wapi. Nikawaambia natalii. Wakasema laiti mtoto wao angekuwa kama mimi, badala ya kushinda na simu.

Mimi yuleyule. Corolla ileile, blanketi lilelile, ndevu zilezile za siku tisa. Maili thelathini na kitu chini nilikuwa kero ya kuondolewa kwa tochi. Juu nikawa kijana mwenye moyo. Kilichobadilika ni kwamba yule mama alidhani nina pa kurudi.

Ndicho ninachotaka mkione. Hakuna sheria ya maumbile inayotenganisha kupiga kambi na kulala nje. Vyote ni binadamu, blanketi na anga. Tunachokipima ni kama huyu mtu anaweza kuacha akitaka. Mwenye funguo za nyumba mfukoni tunamwita mpenda mazingira, tunampigia picha machweo yakiwa nyuma yake. Asiye nazo tunampigia picha pia, ila tunaiambatanisha na namba ya askari.

Na angalieni sheria zenyewe zinavyocheza na maneno. Novemba 2019 baraza la jiji la Las Vegas lilipitisha kwamba kulala au kupiga kambi kwenye njia za katikati ya jiji, ilhali vitanda vipo kwenye makazi ya dharura, ni kosa: faini hadi dola 1,000 au kifungo hadi miezi 6. Kaunti ya Clark, ambamo Las Vegas imo, ikafuata na yake Novemba 2024, ikaanza kutumika Februari 2025. Kupiga kambi! Mtu amelaza ubavu kwenye boksi la friji mbele ya benki, wanasema kapiga kambi. Mzee wetu ana gari, ana turubai, ana jiko la gesi, yuko korongoni katikati ya misonobari, yaani kambi kamili kama ya kwenye katalogi, huyo sasa hakupiga kambi. Huyo "ametuvamia". Maskini akiwa mjini anaitwa mpiga kambi ili ashtakiwe, akienda kambini ananyimwa jina hilo ili afukuzwe.

Juni 28, 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, majaji sita kwa watatu, kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu kwa kulala nje. Kilichonichekesha, kicheko cha uchungu, ni hoja ya walio wengi kwamba sheria ile haibagui: inamhusu asiye na makao, inamhusu mtalii mwenye begi mgongoni anayepita njia, inamhusu na mwanafunzi aliyeacha bweni ili akalale kwenye nyasi za serikali kwa maandamano. Haya. Namsubiri huyo mtalii mwenye begi afikishwe kortini. Nimeshawaandalia hata viti.

Na msiniambie vitanda vipo. Mwisho wa Machi 2020, wiki zilezile nilizokuwa nahama na Corolla, makazi moja ya wasio na makao yalifungwa kwa ajili ya korona. Watu wakapelekwa kwenye maegesho ya magari ya Cashman Center. Wakachorewa mistari myeupe kwenye lami, kila mtu alale ndani ya mistari yake wasikaribiane. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Mji huu una vyumba vya hoteli karibu 150,000, na siku hizo vilikuwa vitupu. Sehemu ya mashuka yake nilikuwa nimeyafua mimi, nikayakunja, yakawekwa kabatini.

Basi. Nimepumua.

Mna hoja, na sitaki kujifanya hamna. Moto, kwa mfano. Milima hii ikiungua haichezi: Julai 1, 2013 radi moja ilianzisha moto wa Carpenter 1 ukala karibu ekari 28,000. Mtu anayeishi msituni miezi, anayepika kila siku, hatari yake ni kubwa kuliko yangu ya usiku mmoja. Nakubali. Kule Oregon, Mei 1, 2025, sehemu ya msitu wa Deschutes jirani na mji wa Bend ilifungwa kwa kazi ya kupunguza hatari ya moto, na watu waliokuwa wakiishi humo kwa muda mrefu wakaambiwa watoke. Siwezi kusema watu wa misitu walikosea kuhofia moto. Naweza kusema tu kwamba kutoka msituni ni nusu ya safari, na nusu ya pili hakuna aliyewaandikia.

Uchafu? Upo, nimeuona. Magodoro, matairi, chupa za plastiki zenye mkojo. Lakini ile televisheni iliyotobolewa kwa risasi mlioipiga picha mkicheka, hiyo haikuletwa na asiye na nyumba. Asiye na nyumba hana televisheni. Mtu kaitoa sebuleni kwake, kaipakia kwenye pikapu, kaendesha hadi kule kuja kuiua. Zile paleti zilizochomwa zikaacha misumari iliyompasua mwenzetu tairi zililetwa na wenye magereji. Na karatasi za chooni zilizokuwa zinapeperuka nyuma ya mahema yetu Jumapili, tena nyeupe pe, jamani, hizo zilikuwa zetu. Kuchimba shimo la sentimita ishirini ni kazi gani? Nilikaa nyuma nikaziokota na mfuko mkononi. Mzee alikuwa ananitazama kutoka kwenye ndoo yake, na nafikiri ndiyo sababu hakuniaga.

Kuhusu wenye kuwasha jenereta usiku ili wapate kutazama mpira jangwani, sina la kusema, Mungu anawaona.

Na kama mnamtafuta mvamizi, mwenye kukutoeni kweli kwenye ardhi hii, basi someni habari. Juni 2025 seneta Mike Lee wa Utah alijaribu kuchomeka kwenye muswada wa bajeti sharti la kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma ya majimbo ya magharibi, kabla ya kuliondoa mwishoni mwa mwezi huohuo kwa kelele za wawindaji, wavuvi na wapiga kambi wa kila chama. Nevada ni jimbo ambalo serikali kuu inamiliki takribani asilimia 80 ya ardhi yake. Siku ikiuzwa, korongo litawekewa geti, na geti halitauliza nani ana funguo za nyumba mfukoni na nani hana. Kundi letu siku hizo lilikuwa linajadili nani mchezaji bora. Hakuna aliyeuliza namba ya seneta.

Mwenye kupiga ile picha ni rafiki yangu, ndiyo maana sikumjibu pale pale mbele za watu. Nilimpigia. Akaniambia, "Kaka, mimi nina watoto wadogo, namjuaje yule mzee ni mtu wa aina gani?" Hofu ya mzazi siwezi kuidharau, ninao wawili. Nikamuuliza na wale watu wa gari-nyumba waliokuwa upande wa pili, je, aliwajua ni watu wa aina gani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema wale walikuwa na mbwa mzuri.

Tulicheka wote wawili. Ndiyo urafiki.

Picha imefutwa Jumatano, kimya kimya, bila mtu kusema lolote. Jana kiongozi wa kundi ameandika kwamba Jumamosi hii tunapanda tena, chini joto limeanza kuwa la kijinga, na kila mtu aseme analeta nini. Mwingine kajitolea nyama, mwingine mahema ya ziada. Yule rafiki yangu kaandika ataleta koleo, la mashimo, akaweka na kikaragosi cha kuficha uso. Maji bado yalikuwa hayana mtu, na kule hakuna bomba. Nimeandika mimi nitaleta madumu matano. Manne yanatutosha. Mstari wa mwisho niliouona kwenye daftari ulikuwa wa sita, kwa hiyo Jumamosi mzee atakuwa amebakiwa na siku moja.