Mwenye Macho Manne na Kilimia

Tok. Ndivyo inavyoanza elimu ya falaki nyumbani kwangu: kioo cha miwani kimegonga kioo cha darubini, nami nimeruka nyuma nikilaani kwa sauti ya chini kwa sababu watoto wamelala na majirani hawajalala.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Masaka, mtoto wa kambini niliyekulia Jinja, na miwani nimeivaa kwa miaka mingi kiasi kwamba pua yangu ina mashimo mawili ambayo hata nikifa yatanitambulisha. Nyota zilinipata ukubwani. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, nilikuwa Pakwach nimebanana na watu waliotoka kila pembe ya nchi, na tangu nilipoona mchana ukigeuka usiku, sikuweza tena kupita chini ya anga bila kuinua kichwa. Mke wangu, Mama Zuhura, husema kwamba laiti ningeinua kichwa vivyo hivyo kutazama paa linalovuja, tungekuwa watu wengine.

Darubini niliinunua Kampala kwa muuza mitumba, ile ya macho mawili, imeandikwa 10x50. Muuzaji alinieleza vizuri kwamba kumi ni mara inavyokuza, na hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hakuniambia kuhusu namba ya tatu, ambayo haikuandikwa popote, na ambayo ndiyo ingeniokoa. Kuna umbali ambao jicho linatakiwa kukaa nyuma ya kioo cha darubini ili lione duara lote la mbingu. Kwa sisi wenye miwani, umbali huo usipungue milimita 15, kwa kuwa kioo cha miwani kimeshajichukulia nafasi yake katikati kama abiria wa tatu kwenye bodaboda. Umbali wa darubini yangu, niliyoipima kwa rula ya Zuhura, haufiki milimita 12. Kwa hiyo nikiitazama nikiwa na miwani, anga yote pana ya Mungu inakuwa kitundu kidogo chenye giza pembeni, nami niko kama mtu asiyealikwa anayechungulia harusi kupitia tundu la ufunguo.

Nilipolalamika, kila mtu alinipa jibu moja, kwamba si uvue tu hiyo miwani. Ni kweli, asiyeona mbali anaweza kuivua, akazungusha gurudumu la katikati la darubini mpaka nyota zitulie, kisha akasawazisha jicho la kulia kwa kile kipete chake, na kazi ikaisha. Lakini wanaotoa ushauri huu hawajawahi kuishi ndani ya kichwa changu. Bila miwani mimi siioni nyota yoyote kwa macho matupu; ninaona ukungu mweusi wenye madoa. Sasa darubini nitaielekeza wapi? Navaa miwani, nakiona Kilimia, kile kishada cha nyota, kimekaa vizuri juu ya mwembe wa jirani, nakikazia macho nisikipoteze, navua miwani kwa mkono wa kushoto, nainua darubini kwa mkono wa kulia, na Kilimia hakipo. Navaa tena. Kipo palepale, kimetulia, kinanicheka. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hawakusema chochote kuhusu kilimia kinachozama ndani ya mfuko wa shati pamoja na miwani.

Na heri ingekuwa mfuko wa shati siku zote. Nimewahi kuipandisha miwani kwenye paji la uso, nikainua kichwa kutazama juu, ikaniteleza kisogoni na kuangukia bandani kwa kuku. Nimewahi kuiweka kwenye mkeka, mahali salama kabisa ambapo hakuna atakayeikanyaga, kisha nikaikalia mwenyewe. Mkono wake mmoja hadi leo umefungwa kwa waya wa redio, na wanafunzi wangu, ambao hawawezi kukumbuka ngeli hata moja, waya huo wameukariri mpaka rangi.

Isitoshe, macho yangu hayana kasoro moja tu. Konea yangu, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imepinda kidogo isivyo sawa, kitu ambacho madaktari wa macho hukiita astigmatizimu, na ambacho kwenye cheti cha miwani huandikwa katika safu ya pili ambayo hakuna anayeisoma. Gurudumu la darubini hurekebisha kutoona mbali, lakini kupinda huku halikujui kabisa. Ukilizungusha upande huu, nyota inarefuka wima. Ukilizungusha upande ule, inalala. Kwa jicho zima Kilimia ndani ya darubini ni makumi ya vito vya bluu vilivyotawanywa juu ya kitambaa cheusi. Kwa jicho langu lililo uchi ni kilo moja ya mchele iliyomwagika sokoni.

Basi nikashawishiwa kununua zile lenzi laini zinazobandikwa juu ya jicho lenyewe. Daktari mmoja huko Kampala alinionyesha kwa upole jinsi ya kunawa mikono, kuifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuweka lenzi kwenye ncha ya kidole kama bakuli dogo. Alinionya pia nisiioshe kamwe kwa maji ya bomba wala mate, bali kwa dawa yake tu. Nilisikiliza kila kitu. Usiku wa kwanza nilikula nyama choma yenye pilipili, nikanawa, kwa maoni yangu, sawasawa, kisha nikaweka lenzi. Sitaeleza kilichofuata, ila Mama Zuhura alisema kwamba hata siku baba yake alipofariki hakuniona nikilia vile.

Usiku wa pili, bila pilipili, lazima nikiri kwamba kwa dakika kama ishirini nilikuwa mfalme. Darubini imekaa usoni, duara lote limejaa nyota, mchele umerudi kuwa vito. Kisha nikasahau kupepesa macho, jambo ambalo humpata kila anayekodoa, upepo ukanipitia, lenzi zikakauka, na nyota zote zikavaa masharubu. Tena lenzi za watu wenye konea iliyopinda zimetengenezwa zikae kwa mwelekeo mmoja tu ndani ya jicho. Mimi nilikuwa nimelala ubavu kwenye mkeka ili shingo isikatike, na lenzi ya kulia, nadhani kwa uchovu, nayo ikageuka ikalala ubavu. Barabara yetu ni ya vumbi jekundu. Lori moja la matoke lilipopita, nikarudi kwenye miwani yangu ya waya bila manung'uniko. Sawa, kwa manung'uniko.

Msinikumbushe Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wanaoliwa, ambapo mji wetu hugeuka uwanja wa ndege. Wategaji husimamisha mabati yao juu ya mapipa, huwasha taa kali zinazotazama angani, na mbingu yote huwa rangi ya maziwa. Nilijaribu usiku mmoja tu. Nsenene alitua kwenye kioo cha miwani yangu, upande wa ndani, na kwa nukta moja niliamini nimegundua sayari ya kijani.

Ndiyo maana niliingoja kwa hamu Januari, wakati mvua imekwisha na anga ni safi. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta, safari fupi tu kutoka Kayabwe pale watalii wanapopigia picha, tumepewa upendeleo mkubwa kwa kuona nyota za kaskazini na za kusini, na ni mimi peke yangu niliyepewa upendeleo huo pamoja na fremu iliyofungwa waya. Nilikuwa nimesimama uani saa tano za usiku, shati jeusi, miwani mdomoni, darubini usoni, nikizunguka taratibu kuitafuta sayari ya Mshtarii, nilipomulikwa tochi.

Ilikuwa ni mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, na vijana wawili wenye fimbo. Mtu anayezunguka uani usiku peke yake, akinung'unika na kuinua uso mbinguni, huku Buganda ana jina, na jina lenyewe ni msezi, mchawi mcheza usiku ambaye inasemekana hula maiti.

"Mwalimu, ssebo," mwenyekiti alisema kwa huzuni ya kweli, "hata wewe?"

Nilivaa miwani ili nimwone ninayejitetea kwake, nikamweleza habari za nyota, nikamwomba atazame mwenyewe. Sasa mwenyekiti naye ni mwenye macho manne, tena vioo vyake ni vinene kuliko vyangu. Aliinua darubini kwa heshima zote.

Tok.

"Vua miwani, Mheshimiwa," nilimwambia, na nilipojisikia nikitoa ushauri ule ule niliouchukia miaka yote hii, nilitamani ardhi inimeze.

Akavua. Nikamshika mabega na kumwelekeza kwa Mshtarii, nikamwonyesha gurudumu, nikamwambia atafute vidoadoa vilivyojipanga mstari mmoja pembeni mwa sayari hiyo. Alikaa kimya muda mrefu. Vijana wakashusha fimbo.

"Naona miezi saba," alisema hatimaye.

"Ni minne, Mheshimiwa. Ile inayoonekana kwa chombo kidogo ni minne. Galileo aliigundua mwezi kama huu wa Januari, mwaka 1610."

"Huyo Galileo alikuwa na miwani?"

Sikuwa na jibu. Mwenyekiti alitangaza kwamba jambo hili ni zito na haliwezi kuamuliwa usiku mmoja, kwa hiyo darubini itabaki mikononi mwake kama kielelezo mpaka uchunguzi ukamilike. Leo ni usiku wa tisa. Anga haijawahi kuwa safi namna hii tangu nihamie Masaka, mimi nimekaa barazani na miwani yangu ya waya, nakiona Kilimia vizuri sana kwa umbali wa bure, na kutoka ng'ambo ya mwembe, uani kwa mwenyekiti, kila baada ya dakika chache nasikia: tok.