Marinda ya kwilti hayataki ubahili

Ukitaka kuizungushia kwilti yako, yaani blanketi la viraka, marinda, nunua kitambaa cha kutosha au uiache na upindo wa kawaida. Inaniuma kuona kazi iliyoshonwa kwa mkono kwa subira, viraka vimekutana barabara, halafu pembeni pana marinda yaliyochoka, mkunjo mmoja hapa na mwingine kule.

Kwa urefu wa utepe wa marinda, mimi nashikilia mara mbili ya mzingo wa kwilti, na kwa pamba nyepesi hata mara mbili na nusu. Chukua kwilti ya sentimita 150 kwa 200. Mzingo wake ni mita 7, basi utepe uwe mita 14 na ziada kidogo ya pembe. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110, hivyo ni vipande 14 vya sentimita 16, yaani mita 2 na robo. Viunganishe, kunja utepe katikati kwa urefu wake wote, toa sentimita 1 ya mshono: unapata marinda ya sentimita 7 yanayopendeza pande zote mbili. Wapo wanaotumia kitambaa bila kukikunja, wakapinda ukingo tu ili kuokoa gharama. Sikubaliani nao. Kwilti hugeuzwa kila siku, na upande wa ndani wa kitambaa utaonekana tu.

Kuvuta marinda ya urefu huo kwa uzi wa cherehani ni kujitafutia taabu, maana hukatika. Laza uzi mnene juu ya utepe, pitisha mshono wa zigizaga juu yake bila kuuchoma, kisha vuta huo uzi mnene. Gawa utepe na mzingo sehemu nane nane, uzibane kwa pini, ndipo usambaze mikunjo.

Kwenye pembe nne za kwilti, songeza mikunjo zaidi. Ukingo wa nje una safari ndefu kuliko mshono, na ukiunyima kitambaa, pembe itajikunja ndani wala pasi haitaisaidia.

Ila uamuzi huu ufanywe mapema, kabla ya kushona tabaka tatu pamoja: uso wa juu, ujazo wa katikati na bitana. Ukisimamisha mishono sentimita 3 kabla ya ukingo, utashona marinda kwenye uso wa juu peke yake, kisha utapinda bitana kwa ndani na kuifunga kwa mkono, mshono wote ukafichika. Kwilti iliyokwisha kufungwa ukingo naiacha ilivyo. Marinda ya kubandikwa juu huacha tuta gumu linalosumbua shingoni.