Stewart wa Mann: filamu nane ambamo Oscar haikumwona

James Stewart aliwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mara tano, kwa filamu za 1939, 1940, 1946, 1950 na 1959. Pitia majina ya waongozaji wa filamu hizo: Frank Capra mara mbili, kisha George Cukor, Henry Koster na Otto Preminger. Alfred Hitchcock, aliyefanya naye filamu nne, hayumo. Anthony Mann, aliyefanya naye filamu nane kati ya 1950 na 1955, naye hayumo. Filamu kumi na mbili, na wapiga kura wa Oscar hawakuona cha kumteua Stewart hata katika moja.

Deni la Hitchcock limeshalipwa. Vertigo, filamu yake na Stewart iliyopokelewa kwa ubaridi mwaka 1958, iliongoza kura ya wahakiki ya jarida la Sight & Sound mwaka 2012 na kuing'oa Citizen Kane iliyokuwa juu tangu 1962. Deni la Mann bado. Watazamaji wanamjua Stewart wa Capra, yule mrefu mwembamba wa mji mdogo anayeongea kwa kusitasita. Wanamjua pia Stewart wa Hitchcock, mgonjwa wa mguu anayechungulia majirani. Huyu wa katikati, mwenye kofia iliyolowa jasho na bunduki ya Winchester, huonekana kama stelingi aliyejitosa kwenye filamu za kauboi kutafuta riziki baada ya mambo kumwendea kombo.

Wanaomwona hivyo hawakosi hoja, na hoja yao nzito ni kwamba Mann hakuvumbua kitu. It's a Wonderful Life ya 1946 ina George Bailey, mhusika wa Stewart, anayemkaba mjomba wake mzee na kumtikisa kwa sababu ya fedha zilizopotea, kisha anarudi nyumbani kuwafokea watoto na kuvunjavunja vitu vyake mwenyewe sebuleni, mke akimtazama kwa hofu. Miaka saba kabla yake, kwenye Mr. Smith Goes to Washington, Stewart anahutubia Seneti mpaka sauti inakauka. Capra alisimulia kwamba koo la Stewart lilipakwa dawa yenye zebaki ili ukwaruzaji ule usiwe wa kuigiza. Ongeza vita: aliingia jeshini Machi 1941 kama askari wa kawaida, akarusha ndege za B-24 kwenye misheni ishirini za mabomu juu ya Ulaya, akarudi akiwa kanali. Kwa hiyo, wanasema, uchungu ulikuwa ndani ya mtu mwenyewe, na Mann alikuta njia imeshafyekwa.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo ni ya kweli. Inachoacha ni swali la kinachofuata baada ya hasira. Kwa Capra, malaika anashuka, mji mzima unachanga fedha, na kufikia wimbo wa mwisho hakuna anayekumbuka kwamba George alimkaba mzee. Mann hana malaika. Hasira kwake inaacha jeraha, na mwenye jeraha anabaki nalo mpaka filamu inaisha.

(Hata sifa ya George Bailey imekuzwa na ajali ya makaratasi. Filamu ilipotoka haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha kila Krismasi bila malipo, na kizazi kizima kikakua na Stewart mmoja tu kichwani. Filamu za Mann hazikupata bahati ya uzembe wa namna hiyo.)

Ukitaka kuelewa Mann alimfanyia nini Stewart, tazama mikono. Ndani ya Winchester '73 (1950), Lin McAdam wa Stewart anaongea kwa upole na mhuni Waco Johnny Dean kwenye baa. Ghafla anaudaka mkono wake, anauzungushia mgongoni na kukibamiza kichwa chake juu ya kaunta. Sura ya Stewart inasogezwa karibu na kamera, macho yamemtoka, mdomo umepinda, na kwa sekunde chache huwezi kusema nani mhuni kati ya hao wawili. Mtu anayewindwa na Lin filamu nzima ni ndugu yake wa damu, aliyemuua baba yao. Katika Bend of the River (1952), skafu ya shingoni inaficha alama ya kamba, kwa sababu huyu mtu mwema aliwahi kunusurika kunyongwa kwa makosa yake ya zamani.

The Naked Spur (1953) inakwenda mbali zaidi. Wahusika wakuu ni watano tu, karibu kila kitu kinatokea nje, kwenye milima ya Colorado, na Howard Kemp wa Stewart anamsaka mtuhumiwa wa mauaji kwa ajili ya zawadi ya dola 5,000 ili akanunue tena shamba lililompotea. Mwanzoni anajaribu kupanda jabali kwa kamba. Anashindwa. Anateleza mpaka chini, viganja vimeunguzwa na kamba, na mwanajeshi aliyefukuzwa kazi anapanda pale pale aliposhindwa yeye. Stelingi gani anaanza filamu kwa kushindwa kupanda? Mwishoni anaivuta maiti kutoka mtoni, anaapa kuipeleka akalipwe, kisha sauti inamkatika na analia waziwazi mbele ya mwanamke anayempenda. Anaanza kuchimba kaburi. Ukimlinganisha na George Bailey, hapa hakuna anayemletea fedha, anaziacha mwenyewe.

Halafu The Man from Laramie (1955). Vibaraka wanamshika Will Lockhart wa Stewart, kisha mtoto wa tajiri anauwekea bastola mkono wa kulia wa Lockhart na kufyatua. Mann hakuonyesha kiganja. Kamera inabaki usoni kwa Stewart, na maumivu yote yanabebwa na taya na macho. Ndiyo sababu siku hizi, tukiwa tumeshaona damu za kila aina, tukio hilo bado linamfanya mtu ageuze uso.

Sasa fedha, maana wanaomdharau Mann wanapenda kusema ushirikiano huu ulikuwa biashara ya wakala. Ni kweli ulianzia kwenye mkataba. Studio ya Universal walimtaka Stewart kwa filamu za Harvey na Winchester '73, lakini bei yake ya dola 200,000 kwa filamu iliwashinda. Wakala wake, Lew Wasserman wa kampuni ya uwakala ya MCA, akapendekeza kwamba kwa ile ya kauboi achukue sehemu ya faida badala ya mshahara. Hakuwa wa kwanza Hollywood kulipwa kwa asilimia, lakini ukubwa wa fungu, linalotajwa mara nyingi kuwa nusu ya faida, ndio uliowashtua wengine. Kiasi alichovuna kinatajwa kuwa kama dola 600,000.

Mpango huo ulikuwa na hatari. Faida huhesabiwa baada ya kutolewa gharama za kutengeneza, kuchapa nakala, matangazo na usambazaji, na daftari linashikwa na studio yenyewe. Filamu ikipitiliza bajeti, mwigizaji amefanya kazi bure. Lakini kulikuwa na nafuu ya kodi: mwaka 1951 kiwango cha juu cha kodi ya mapato Marekani kilikuwa asilimia 91, na fungu la faida huingia kidogokidogo kwa miaka, kwa hiyo sehemu ndogo zaidi huangukia kwenye kiwango hicho kuliko mshahara unaolipwa kwa mkupuo.

Lawama kwamba mkataba ule ulianza kuhamisha nguvu kutoka studio kwenda kwa mawakala ni ya haki. Ila walaumu husahau nguvu hiyo ilitumika kufanya nini. Chini ya mkataba wa MGM aliousaini mwaka 1935, Stewart alipangiwa filamu na mwongozaji. Winchester '73 awali ilikuwa iongozwe na Fritz Lang. Lang alipotoka, Stewart akakubali apewe Mann, ambaye wakati huo alijulikana kwa filamu za uhalifu za bei nafuu kama T-Men na Raw Deal. Zile nane zilitengenezwa katika studio nne tofauti: Universal, MGM, Paramount na Columbia. Hakuna bosi wa studio aliyeweza kuwaweka watu wawili pamoja kwa namna hiyo. Mwigizaji ndiye aliyemchukua mwongozaji wake kila alikokwenda, na mwaka 1955 wenye kumbi za sinema walimtaja kuwa staa namba moja kwa mauzo.

Kalenda nayo ina la kusema kuhusu Hitchcock. Filamu yao ya kwanza, Rope ya 1948, ina Stewart mkavu, asiyejua aiweke wapi mikono yake. Haki yake apewe: ilipigwa kwa vipande virefu, vingine vikikaribia dakika kumi bila kukata, na kila kosa lilimaanisha kuanza upya. Lakini ya pili, Rear Window, ilitoka Agosti 1954, baada ya filamu tano za Mann. Mtu aliyeshikwa na jambo moja hadi linamharibu, anayemuumiza anayempenda na kujua kwamba anafanya hivyo, alikuwa ameshazoezwa milimani Colorado. Hitchcock alimkalisha kwenye kiti, akamfunga mguu plasta, akaacha macho peke yake yafanye kazi. Scottie, mhusika wa Stewart ndani ya Vertigo, ni Howard Kemp aliyevaa suti.

Si zote nane zenye thamani sawa. Thunder Bay, ya wachimba mafuta wa Louisiana, ni dhaifu. Strategic Air Command ni tangazo la ndege za mabomu lililopigwa vizuri, na Stewart aliyekuwa bado kanali wa akiba hakuwa na sababu ya kuhoji lolote ndani yake. The Glenn Miller Story iliuza sana, ni tamu, na ingeweza kuongozwa na yeyote. Wanawake wengi wa Mann hawana cha kufanya zaidi ya kungoja, na Rock Hudson aliyepakwa rangi awe chifu wa Wahindi Wekundu ndani ya Winchester '73 ni aibu isiyo na utetezi. Anayetaka kumpa Mann sifa azipe zile tano za kauboi, na hata humo The Far Country iko nyuma ya nyingine.

Stewart na Mann walitengana kwa sababu ya filamu ya Night Passage ya 1957. Mann aliuona muswada kuwa hauna mantiki, akalalamika kwamba Stewart aliutaka kwa sababu tu mhusika anapiga kodiani, akaondoka. Kazi ikamaliziwa na James Neilson. Nguvu ile ile ya kuchagua iliyowakutanisha ndiyo iliyomwachia Stewart kuchagua vibaya. Mann alikwenda kufanya Man of the West na Gary Cooper mwaka 1958, akafariki Berlin mwaka 1967 akiwa katikati ya filamu nyingine. Stewart akahamia kwa John Ford, na ndani ya The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962 anaigiza mwanasheria kijana aliyetoka masomoni, akiwa na umri wa miaka 53, jambo ambalo mashabiki wake tunalimeza kwa shida.

Kwa anayeanza, The Naked Spur iwe ya kwanza; ni ya saa moja na nusu hivi. Kisha Winchester '73, na The Man from Laramie baada yake. Hii ya mwisho ilipigwa kwa CinemaScope, yaani picha pana sana, kwa hiyo epuka nakala zilizokatwa pembeni kwa ajili ya televisheni za zamani: katika tukio la uwanja wa chumvi, ambapo Lockhart anaburutwa kwa farasi mabehewa yake yakiungua, picha nyembamba inampoteza ama anayeburuta ama anayeburutwa.