Ko!

Kwa kuwa ticha wa Kemia ameshairusha ile klipu yangu ya mahafalini kwenye makundi matatu, na kuongezea kwamba nililia, wacha niseme mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa jasho.

Mnanijua, mimi ndiye mlezi wa klabu ya midahalo. Kwangu mtoto akisimama kusema, akiteleza tu na "eee", wenzake wote wanagonga dawati. Ko! Hakuna kuzomea, hakuna kucheka. Dawa kali hiyo. Kuna binti wa kidato cha pili, zamani akipangiwa moning spichi paredini anaumwa tumbo tangu usiku. Siku hizi anamaliza dakika tatu bila ko hata moja. Nikajiona fundi.

Jumamosi, mahafali ya kidato cha nne. Mkuu ananinong'oneza, "Mwalimu, mkaribishe mgeni rasmi." Karatasi ya nini? Si mimi ninayewanyang'anya watoto karatasi?

Nikashika maiki. Nikavuta pumzi, kama ninavyowafundisha. Nikatazama turubai la kushoto: wazazi. La kulia: wazazi. Meza kuu, mheshimiwa diwani kaegemea kiti, anatabasamu, anasubiri jina lake.

Jina halipo. Nalitafuta kichwani, nakuta bei ya mchele, nakuta tarakimu za luku ya mwezi jana. Jina, wapi.

"Eee..."

Ko!

Watoto arobaini, kwa mpigo mmoja. Klabu nzima ilikuwa imekaa pamoja, na madawati yao. Hawakuwa na nia mbaya, wamezoeshwa.

"Eee, jamani..." Ko! "Eee, hapana, si leo..." Ko! Bibi mmoja akadhani ngoma imeanza, akapiga kigelegele. Mheshimiwa naye, asipitwe, akagonga meza.

(Mnaocheka, nawaona.)

Na nchi hii ilishatunga maneno mawili kwa ajili ya watu kama mimi: "Itifaki imezingatiwa." Unayasema, unakaa. Yalinijia saa nane usiku, niko kitandani.

Basi, MC akaninyang'anya maiki, akapewa yule binti wa tumbo, akamtaja diwani majina yote matatu, pilau likaliwa.

Leo nimeingia klabuni, ubaoni pameandikwa: MWALIMU – 11.

"Eee, nani kaandika hivi?"

Ko!