Stanley, Bombay na Susi: je, jina la ukoo linatosha kupangia historia?

Fungua kamusi yoyote kubwa ya wasifu iliyoandikwa Ulaya au Marekani, utakuta watu wamepangwa kwa jina la ukoo. Ukifika kwenye Stanley unakutana na kundi zima. Yumo Thomas Stanley, ambaye masimulizi yanasema alimvisha Henry VII taji palepale uwanjani Bosworth mwaka 1485. Yumo Edward Stanley, waziri mkuu wa Uingereza mara tatu, ambaye mwaka 1833, akiwa waziri wa makoloni, alipeleka bungeni muswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ya Waingereza. Mwanawe, Frederick Stanley, yumo kwa sababu ya kombe la hoki ya barafuni alilolitoa Canada mwaka 1892. Wendell Stanley, Mmarekani, alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1946 kwa kazi yake juu ya virusi. Halafu yumo Henry Morton Stanley, ambaye sisi wa Bagamoyo hatuhitaji kutambulishwa kwake: ndiye aliyeondoka hapa na msafara wake Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji.

Huyu wa mwisho hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na utoto wake mwingi ulipita katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans kwa meli, na huko ndiko alikolichukua jina la mfanyabiashara aliyeitwa Stanley. Mwenyewe alisimulia kwamba tajiri huyo alimfanya kama mwanawe wa kumzaa. Waliochunguza maisha yake wana mashaka makubwa na habari hiyo. Hata hivyo jina lilimkaa, na leo kilele kirefu cha milima ya Ruwenzori kiko kwenye mlima unaoitwa kwa jina hilo la kujitwalia. Hata Waingereza wengine wenye jina hili si lazima wawe ndugu. Vijiji vinavyoitwa Stanley viko kadhaa nchini mwao, na watu wasiojuana kabisa walipata jina kutokana na mahali walipotoka.

Basi kuna haja gani ya kuwakusanya watu mashuhuri kwa jina moja la ukoo? Naliuliza hili kwa dhati, maana utaratibu huo umeshaingia kwetu pia, shuleni na maofisini, na unaanza kuamua nani anakumbukwa na nani anasahaulika.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Palipo na kitu cha kurithiwa, jina la ukoo linaonyesha kinavyopita mkono kwa mkono. Huwezi kueleza jinsi Frederick Stanley alivyopanda ngazi bila kumtaja baba yake, waziri mkuu. Cheo, ardhi na kiti bungeni vilifuata jina. Pwani yetu nayo ina mifano. Nenda Tanga uulize habari za al-Buhriy. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy ndiye aliyetunga utenzi wa vita ambavyo Wajerumani walipigana na watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, mwaka 1888 na 1889, akiwa mtu wa zama hizohizo. Sheikh Ali bin Hemedi akaja kuwa kadhi, akaandika juu ya sheria za mirathi na ndoa vitabu ambavyo mahakama zilivitegemea. Hapo jina linakuonyesha elimu inayokaa katika nyumba moja, na anayeifuata nisba hiyo, yaani jina hilo la ukoo, anapata historia ya kweli.

Hapa Bagamoyo tuna Zawose. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, lakini alifanya makazi yake hapa, na sauti yake ikiandamana na zeze na ilimba ilifika majukwaa ya dunia nzima. Alifariki mwaka 2003. Miaka mingi wanawake wa familia hiyo walikuwa waitikiaji, nyuma ya wanaume. Sasa binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wamesimama mbele wenyewe, na wanajulikana nje kwa jina hilohilo la Zawose. Ukiacha jina la ukoo nje ya habari hii unapoteza nusu ya uzito wake: si wageni waliochukua nafasi, ni watu wa nyumbani waliokuwa wakisikika bila kutajwa.

Lakini sasa chukua utaratibu huo uuweke juu ya watu wa kawaida wa Mrima. Tuseme Hamisi bin Salum amepata mtoto, Juma. Kwenye cheti ataandikwa Juma Hamisi Salum. Juma naye akizaa binti, atakuwa Asha Juma Hamisi. Salum ameshadondoka. Vizazi viwili tu, na jina la mwisho limebadilika, ingawa ukoo ni uleule na mzee yeyote mtaani atakutajia mababu saba bila kukosea. Asha akiolewa ataendelea kuwa binti Juma, hachukui jina la mume. Kwa upande huo naona utaratibu wetu unamtendea mwanamke haki zaidi kuliko ule wa Ulaya. Ila mtafutaji anayefuata jina la mwisho hatampata Asha kwa babu yake. Na akitafuta "Mohamed" ataweka kapu moja Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wetu, na Amina Mohamed, mwanadiplomasia wa Kenya, watu ambao jina hilo halisemi lolote juu ya uhusiano wao.

Kasoro hiyo inaumiza zaidi tukirudi kwenye misafara. Mtu aliyewapitisha Wazungu wengi kuliko yeyote katika njia ya kuingia bara alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi pwani hii. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi tena na Speke na Grant, akawa kiongozi katika msafara wa Stanley mwaka 1871, kisha akaondoka na Cameron mwaka 1873 na kuvuka bara hadi Atlantiki. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimpa nishani ya fedha. Na hilo Bombay ni jina la mji wa watu. Kwenye orodha ya koo huyu ndugu yetu hana baba, hana mjomba, hana kwao. Yupo peke yake.

Jacob Wainwright yuko vilevile. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, Wainwright alikuwa mmoja wa waliobeba maiti yake hadi hapa Bagamoyo, ikafika Februari 1874. Alisoma shule ya wamisionari huko India, na jina lake la mwisho ni la Kiingereza. Ukilifuata utafika kwa Waingereza wasiomhusu, wala hutafika kwa Wayao alikozaliwa. Wenzake Abdullah Susi na James Chuma ndio walioongoza safari ile, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, na maiti iliyokaushwa mabegani. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874 na Wainwright akiwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yameshapita. Stanley alijichagulia jina akaingia katika safu ya mabwana. Bombay na Wainwright walibandikwa majina, wakatolewa katika safu za kwao. Tofauti hii ndiyo inayonifanya nisikubali jina la ukoo liwe mlango pekee wa kuingilia historia.

Sidharau upande wa pili unaposema mambo ya leo yanadai jina lisilobadilika. Kila aliyewahi kufuatilia mirathi anajua adha yake: baba amefariki, watoto wanne wa tumbo moja wana majina ya tatu yanayotofautiana, mmoja kaandika la babu, mwingine la ukoo, na benki haitaki kusikia. Unakwenda kwa wakili kula kiapo cha majina, unalipa, unasubiri. Wazazi vijana wanaoamua kuandika jina moja la ukoo kwa watoto wao wote nawaunga mkono. Hilo ni la vyeti na haki zao. Napinga pale utaratibu wa karani unapogeuzwa kuwa utaratibu wa kumbukumbu.

Kwa mji kama Bagamoyo, ningependa watu wetu mashuhuri wapangwe kwa msafara. Msafara wa 1871 uwe na Stanley na Bombay katika ukurasa mmoja, kila mmoja na habari ya jina lake lilikotoka. Msafara ulioingia na maiti ya Livingstone uwe na Susi, Chuma, Wainwright na kila mpagazi ambaye jina lake limeandikwa popote. Koo zenye kitu cha kurithishana, kama Zawose, zipate sura zao, maana zimeistahili kwa kazi. Najua kitabu cha namna hiyo ni kigumu kukitafutia mtu harakaharaka, na mwanafunzi aliyezoea alfabeti atalalamika. Na akitafute kwa faharasa mwishoni, haina ubaya. Lakini ndani ya kurasa za msafara ule atamkuta pia Halima, mpishi wa Livingstone, ambaye Livingstone mwenyewe alimsifu katika shajara yake. Hana jina la pili, na kwenye orodha ya koo hakuna herufi ya kumweka.