Kengele si chuma

Mwandishi, hapo uliposema king'ora na kengele ya kanisa vyote ni "kelele za chuma", nakataa. Kengele ni shaba kama asilimia 78 na bati 22, humiminwa kwenye kalibu, kisha hukerezwa kwa ndani kidogo kidogo mpaka sauti ikae. Fundi akipitiliza imekula kwake, maana kilichokwanguliwa hakirudi! King'ora cha kizamani ni hewa tu inayokatwakatwa na sahani ya matundu: matundu 12, mizunguko 40 kwa sekunde, unapata mitetemo 480 kwa sekunde.

Jana kituo cha basi cha Fire ambulensi imetupita mbio, sauti ya king'ora chake ikashuka ghafla, ikawa nzito. Konda wetu eti, "Betri inakufa hiyo." Betri nzima kaka, ni mwendo wa gari: likija mawimbi ya sauti hubanana, likishapita huachana, sauti inashuka.